Kandambili za Friji

Nisikilizeni, majirani, na mkitaka kunilaani mna haki. Hadithi hii ni ya nyumba yangu, na mkosaji ndiye anayeisimulia.

Jumamosi ile asubuhi kwetu kulikuwa kumetulia. Nilikuwa nimesukuma cherehani pembeni, nimekunja sare za shule nilizokuwa nazishona, nimefungua madirisha na kudeki sakafu ya saruji mara mbili. Mama mkwe alikuwa anakuja. Baba watoto alikuwa karakanani kwake nyuma ya nyumba, akipiga randa huku anapiga mluzi.

Lakini lazima nianze na friji. Tulilinunua likiwa limeshatumika. Plagi yake ilikuwa na miguu mitatu, na ekstensheni yetu ilikuwa na matundu mawili tu. Baba watoto ni seremala, haamini kama kuna kitu kisichochongeka. Alichukua koleo akaukata mguu wa tatu. Alisema miwili inatosha, mbona hata sisi tunatembea kwa miwili. Nilicheka. Mimi ndiye niliyemshikia plagi.

Baada ya miezi kadhaa friji likaanza kuuma. Ukishika mpini wake wa chuma, mkono unasisimka kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Siku moja fundi umeme wa mtaani alikuja kuazima msumeno, tukamsimulia kwa utani. Hakucheka. Alitueleza kwamba mguu tulioukata ulikuwa wa waya wa ardhi, ambao kazi yake ni kuupeleka chini umeme unaovuja ili usipite kwa mtu. Akatusihi tulichomoe hadi alitengeneze. Tukaitikia ndiyo, ndiyo. Alipotoka tu tukalichomeka tena, eti maziwa yataharibika.

Tukajitungia dawa yetu. Tuliweka kandambili za mpira mbele ya friji, na kila aliyetaka kulifungua alizivaa kwanza. Watoto wakalipa friji jina, Bi Mkali. Walikuwa wakisema Bi Mkali leo kaamka vibaya, na sote tunaangua kicheko. Mnaona tulivyokuwa? Kifo tulikifanya mwenzetu wa nyumbani, tukakipa na jina la utani.

Asubuhi ile nilipomaliza kudeki niliziangalia kandambili zile. Moja ya kijani, nyingine ya bluu, na kamba imeshonwa kwa uzi wa sare. Mama mkwe ni mtu nadhifu, msusi ambaye mistari yake hunyooka kama imepigwa rula. Niliona haya. Nikazitupa chini ya kitanda, nikajiambia nitamwonya tu asiguse friji. Kisha nikawaza, nitamwambiaje mkwe kwamba friji nililojisifia kwake linapiga shoti? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha kwa tambara la kudekia.

Alifika, akavua viatu mlangoni kuiheshimu sakafu yangu. Akanawa mikono na uso. Nilipoinuka nimletee maji ya baridi alinizuia.

"Kaa, mwanangu. Wiki nzima umeinama kwenye cherehani. Maji nitajichukulia mwenyewe."

"Haya, mama," nikasema.

Niseme ukweli: nilifikiri mara moja tu haitamdhuru. Sisi lilikuwa linatusisimua tu, siku zote.

Alishika mpini kwa mkono uliolowa, miguu mitupu juu ya sakafu niliyoilowesha mimi. Hakupiga kelele. Aliguna tu, mwili ukakakamaa, mkono ukakataa kuachia. Sufuria iliyokuwa juu ya friji ikaanguka. Swichi kuu ilikuwa ukutani, hatua tatu kutoka niliposimama. Na mimi nilikimbilia wapi? Nilikimbilia chumbani kutafuta kandambili. Mazoea yalinipeleka huko. Mama wa watu anaungua jikoni, mimi nimepiga magoti nachungulia chini ya kitanda.

Baba watoto alisikia kishindo cha sufuria, akaingia mbio, akazima swichi kuu kabla hajamgusa mama yake. Ndipo mama akaachia mpini, akaanguka.

Alipona. Lakini hospitali walimkata gumba na vidole viwili vya mkono wa kulia. Msusi asiye na gumba atasuka nini? Wateja wake walikuja kumpa pole, kisha wakaenda kusukwa kwingine. Na kila aliyekuja alimweleza kwamba kosa ni lake mwenyewe, alishika friji na mikono ina maji. Mimi nimekaa pembeni, natikisa kichwa kwa huzuni. Miezi minane nilimwacha abebe kosa langu.

Wiki iliyopita nilishindwa. Nilikuwa namfunga vifungo vya blauzi, nikamwambia yote: plagi, onyo la fundi, kandambili, na ile haya yangu.

"Kwa hiyo zilikuwa chini ya kitanda?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia tu, mwanangu. Mimi ningezivaa."

Ni heri angenipiga kofi.

FUNZO

Friji, pasi au mashine ya kazini inayokusisimua ukiigusa inavuja umeme. Ichomoe leo, umwite fundi aliyeisomea kazi hiyo, na maziwa yaache yaharibike. Mguu wa tatu wa plagi haukatwi. Viatu vya mpira si matengenezo. Waya uliochubuka usiutumie, na ukiukuta waya umeanguka nje, kaa mbali na wengine uwazuie. Mtu akinaswa na umeme, usimshike: zima swichi kuu kwanza. Ijueni ilipo, ninyi na watoto wenu, msije mkakimbilia chumbani kama mimi.

Na mgeni akiingia kwako, mwonyeshe palipo na hatari, hata kama utaona haya. Haya yangu ingeisha siku ile ile. Sasa mama mkwe anaishi nasi, na kila asubuhi namfunga vifungo.