Kaseti Iliyokata Maneno ya Mwajuma

Mwajuma alikuwa anauza samaki wakavu katika soko la Kamina. Samaki walitoka Kinkondja, wakasafirishwa kwa baiskeli ndani ya vikapu vikubwa. Mumewe, Moustapha, aliuza chumvi na sabuni kwenye meza ya pili. Watu wa soko waliwajua wote wawili tangu zamani.

Lakini mwaka ule wa 1999, macho ya watu yalikuwa yamebadilika. Vita ilikuwa inakaribia upande wa Kabongo. Waasi walikuwa wameshika jimbo la Maniema, na babu yake Mwajuma alitoka Maniema. Yeye mwenyewe alizaliwa Kamina, akaolewa Kamina, akazaa watoto wake Kamina. Hata hivyo, siku hizo alipokaribia watu, wengine walinyamaza mpaka apite.

Mwezi wa saba ikatangazwa kwamba kila mtaa utachagua kamati yake. Kamati hiyo ingesema na wakubwa wa mji juu ya maji, usafi, na watu wanaokimbia vita. Wanawake wa soko wakamwomba Mwajuma asimame.

"Weye unajua kusema na bakubwa," wakamwambia. "Hauogope."

Alikuwa anaogopa, ila alikubali. Mshindani wake mkubwa alikuwa Muteba, mkulima wa mahindi, mtu wa parokia, wa ukoo wa siku nyingi hapa.

Sasa Mwajuma alipaswa kuchagua njia ya kusikilizwa. Njia ya kwanza ilikuwa redio ya serikali. Unapeleka karatasi kwenye ofisi yao, wanapiga muhuri, kisha wanaisoma. Njia ya pili ilikuwa mpya. Kijana mmoja aitwaye Isaïe alikuwa na mashine mbili za kaseti. Alichukua sauti za wagombea, akatengeneza nakala nyingi, akazigawa kwa vinyozi, kwa wauza pombe na kwa watu wa baiskeli. Baada ya siku tatu mtaa mzima ulikuwa umesikia.

"Ile redio inasema paka mambo ya bakubwa tu," Mwajuma alimwambia mumewe. "Batakata maneno yangu. Ni heri kaseti. Bantu batasikia sauti yangu mwenyewe."

Moustapha hakufurahi. "Kaseti ya kwanza, yenye maneno yako yote, itabaki kwa nani?"

"Kwa Isaïe."

"Na weye utabaki na nini?"

Kesho yake Isaïe alikuja sokoni na mashine yake. Mwajuma alisema kwa muda mrefu, bila karatasi, karibu na kinu cha kusaga mahindi. Kinu kilikuwa kinanguruma, lakini Isaïe alisema haidhuru.

Juma moja likapita. Asubuhi moja, mteja wake Hulda alipita mbele ya meza bila kusalimu. Hulda alikuwa amenunua samaki kwake miaka sita. Mwajuma alimwita, naye hakugeuka. Mchana, wanawake wawili walirudisha samaki waliokwisha kununua. Hawakusema kwa nini.

Mwajuma akaanza kutazama kila mtu. Nani anamsema? Nani amekwenda kwa nani? Alipopita kwa kinyozi akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye mashine. Akasimama nje kusikiliza.

"Vita inakaribia," sauti ilisema. "Baasi banasema batafika Kamina. Bakifika hapa, tutabapokea. Tutabapa chakula na mafasi ya kulala."

Sauti ilikuwa yake. Kila neno lilikuwa lake. Lakini hakuwa amesema hivyo.

Alipofika nyumbani, Moustapha alikuwa amekaa na karatasi mkononi. Ofisi ya usalama ilikuwa inamwita Mwajuma, kesho saa nne.

"Ni Muteba," Mwajuma akasema. "Muteba njo mwenye alimutuma Isaïe. Banataka tuonekane baasi."

"Twende Kaniama kwa ndugu zangu," Moustapha akasema. "Leo, kabla ya jua kushuka."

"Tukikimbia, bote batasema ni kweli."

Moustapha akafikiri. Kisha akasema, "Basi twende kwa Gamaliel."

Gamaliel alikuwa fundi wa redio. Alikuwa na meza yake chini ya baraza la nyumba, imejaa nyaya na betri kuukuu. Zamani alifanya kazi katika redio ya serikali. Mwajuma hakutaka kwenda kwake. Siku hizo hakumwamini mtu yeyote.

Gamaliel aliwapa viti. Akamtuma mkewe kwa kinyozi kuazima ile kaseti. Akaiweka kwenye mashine, akasikiliza mara moja, akairudisha nyuma, akasikiliza tena.

"Mama, sikia kinu," akasema. "Usisikie maneno. Sikia kinu."

Mwajuma akainama karibu. Nyuma ya sauti yake kinu kilikuwa kinanguruma. Kilinguruma mpaka neno "Kamina". Kisha kikasikika kitu kidogo, tak, na mngurumo ukaisha palepale.

"Kinu hakizimike vile," Gamaliel akasema. "Kinu kinakufa polepole. Hapa bamekata. Kati ya 'Kamina' na 'bakifika' ulisema nini?"

Mwajuma akafunga macho, akakumbuka. "Nilisema siogope bale baasi. Nilisema ninawaza bantu ba Kabongo, benye banaacha mashamba yabo na kukimbia na batoto. Kisha nikasema, bakifika hapa, tutabapokea."

"Njo vile. Hakuna muntu aliongeza neno. Baliondoa tu. Na bado imekuwa uongo."

Mwajuma akamtazama. "Juu ya nini unanisaidia? Weye na Muteba hamusali parokia moja?"

"Hapana. Minyi ninasali ku Bametodisti." Gamaliel akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Mama, nilifanya kazi ku redio miaka makumi mbili. Balinipa kazi ya kukata maneno ya bantu, na nilikata. Ninajua mukasi unapita wapi."

Jibu hilo Mwajuma alilielewa.

"Tusikawie," Gamaliel akasema. "Tutafute kaseti ya kwanza. Isaïe anaweza kuchukua sauti ingine juu yake."

Walimkuta Isaïe mlangoni kwake. Kaseti ya kwanza ilikuwa tayari ndani ya mashine. Alikuwa anataka kuijaza muziki. Gamaliel akanyoosha mkono, akaitoa bila kuomba ruhusa.

"Ulikata maneno ya mama," akasema.

"Bagombea balikuwa bane," Isaïe akajibu. "Upande mumoja wa kaseti ni nusu saa. Mama alisema mrefu. Nikaondoa kidogo kidogo. Sikuwaza mabaya."

"Muteba alikutuma?" Mwajuma akauliza.

"Hapana, mama. Yeye pia nilimukata."

Mwajuma alimtazama usoni. Hakujua kama anasema kweli. Mpaka leo hajui.

Kesho yake, saa nne, Mwajuma, Moustapha na Gamaliel walifika ofisini na mashine na kaseti zote mbili. Afisa alisikiliza ile fupi, kisha ile ndefu. Akasikiliza ndefu mara ya pili, kalamu ikigonga meza.

"Mama," afisa akasema mwishoni, "kuna bantu banaenda gerezani kwa maneno machache kuliko haya. Uende. Na hii kaseti ndefu, bantu baisikie."

Nje, chini ya jua, Mwajuma alikaa kwenye ngazi.

"Basi nirudi ku redio ya zamani," akasema. "Ile kaseti sitaigusa tena."

"Redio pia ina mukasi," Gamaliel akasema. "Usiulize kama kitu ni kipya ao ni cha zamani. Uliza, maneno yangu kamili yatabaki kwa nani? Na yakiharibika, nani atajibu? Ku redio, karatasi yako ina muhuri na tarehe. Bakisoma vibaya, unaweza kubaonyesha. Lakini bantu bengi habasikilize tena ile redio. Banasikiliza kaseti. Tumia zote mbili, lakini usizitegemee kwa macho yaliyofumbwa."

Siku hiyo Mwajuma aliandika maneno yake kwenye ukurasa mmoja. Gamaliel alimwambia aandike machache, ili mtu asipate sababu ya kukata. Wakanakili mara nne kwa mkono. Nakala moja ilikwenda redioni, nyingine ikabandikwa mlangoni pa parokia, nyingine msikitini. Ya nne, yenye muhuri wa redio, ilibaki nyumbani.

Kisha akarudi kwa Isaïe kuchukua sauti tena. Safari hii mashine zote mbili zilichukua sauti yake pamoja, na kaseti moja alirudi nayo mwenyewe. Alianza kwa jina lake, tarehe na mahali. Alimaliza kwa kusema, "Maneno yangu yanaisha hapa." Mtu akikata mwanzo au mwisho, kila msikilizaji atajua. Mtu akikata katikati, karatasi iko mlangoni pa parokia, aende akalinganishe.

Watu walikwenda kulinganisha kweli. Hulda alikwenda pia. Alirudi kwenye meza ya samaki akiwa na haya.

"Nilisikia kaseti, sikuuliza," akasema.

"Hata minyi singeuliza," Mwajuma akamjibu. Akamchagulia samaki mzuri.

Siku ya kuchagua, watu walipanga mistari nyuma ya wagombea. Mstari wa Muteba ulikuwa mrefu kuliko yote. Wa Mwajuma ulikuwa wa pili. Wote wawili wakaingia katika kamati.

Haukupita mwezi, Hulda akamletea Mwajuma kaseti mpya. Alikuwa anafurahi.

"Sikia Muteba anasema nini. Anasema bantu ba soko ni bezi. Tuipige hapa sokoni, bote basikie."

Mwajuma akaiweka kwenye mashine, sauti ikiwa chini. Ilikuwa sauti ya Muteba, na neno "bezi", yaani wezi, lilikuwemo. Kwa muda kidogo alijisikia vizuri. Kisha akazima, akaitoa kaseti.

"Nani alikupa?"

"Muntu wa baiskeli."

"Na maneno yenye yalikuja kabla ya haya, yako wapi?"

Mwajuma akamwachia Moustapha meza, akaenda mpaka nyumbani kwa Muteba. Muteba alisikiliza kaseti yote amesimama.

"Ni sauti yangu," akasema polepole. "Nilisema, kuna bantu banasema bantu ba soko ni bezi, na banakosea." Akamtazama Mwajuma kwa mashaka. "Juu ya nini unaniletea minyi?"

"Juu balinifanyia vilevile. Na nilisema ni weye."

Muteba akachukua kofia yake. Wakashika njia pamoja kwenda kwa Isaïe, mkulima mbele, muuza samaki nyuma. Isaïe aliwaona wakiwa bado mbali. Hakungoja waulize. Aliingia ndani, akatoka na kaseti ya kwanza mkononi, ile yenye maneno yote ya Muteba.