Taa Nyekundu, Mdomo Mmoja

Mwalimu Kipofu alikufa katika sehemu ya thelathini na moja ya tamthilia, mkuki umempitia kifuani ukatokea mgongoni, na Karani mwenyewe ndiye aliyelikata jina lake daftarini kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo alipomsikia akivuta pumzi katika sehemu ya thelathini na mbili, alidhani ni masikio yake.

Alirudisha nyuma. Kwenye skrini palikuwa na soko tupu, mvua, na mbwa aliyelowa. Hapakuwa na mtu. Lakini ndani ya hedifoni kulikuwa na mzee anayevuta pumzi kwa pua, polepole, vile vile alivyokuwa akivuta kabla ya kumwambia mwanafunzi wake jambo zito.

"Mjomba, hapa kuna mtu."

"Mwangwi huo," Mjomba alijibu bila kugeuka. "Futa."

Alifuta. Aliposikiliza tena, pumzi ilikuwa pale pale.

Mjomba wake alijulikana mtaa mzima kwa jina la Koo. Kazi yake ilikuwa kutia Kiswahili kwenye tamthilia za mapigano kutoka nchi za mbali, na kwa kazi hiyo mtu mmoja aligeuka jeshi zima: alikuwa mfalme, alikuwa mama mjamzito, alikuwa farasi anayekufa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la kunakilia filamu. Madirisha yalizibwa kwa magodoro ya zamani na kuta zilibandikwa trei za mayai, ili sauti ya nje isiingie. Hata hivyo fundi wa kuchomelea mageti, jirani yao, aliingia na kelele zake kupitia kila tundu, kwa hiyo walirekodi wakati fundi anakula tu, saa saba hadi saa nane mchana. Sheria za chumba zilikuwa mbili. Viatu vinabaki nje. Na taa nyekundu ikiwaka, mdomo ni mmoja tu.

"Ukikohoa humo," Mjomba alipenda kusema, "kikohozi si chako tena." Kisha alicheka, na Karani alicheka naye.

Karani alikuwa na miaka kumi na sita. Jina hilo alipewa kwa sababu ya daftari: yeye ndiye aliyetazama kila sehemu kwanza, ikiwa bado na lugha yake ya asili, akaandika nani anafungua mdomo dakika ya ngapi na anafunga lini, ili Mjomba ajue pa kuingia. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi. Mjomba alikuja nyumbani siku moja, akakaa kitako jikoni na mama yake, akasema, "Msimu mmoja tu, dada. Tamthilia ikiisha, namrudisha shuleni mimi mwenyewe kwa mkono wangu." Mama alikubali haraka, kisha akalia muda mrefu. Sauti ya Koo ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba zote mbili. Mwaka uliotangulia uvimbe ulikuwa umemkaba kooni miezi mitatu hakutoa hata mlio, kisha asubuhi moja aliamka na sauti, nene na tamu kuliko zamani, na watu wakasema Mungu mkubwa.

Karani hakuililia shule sana, kwa sababu ya Bonde la Panga Tisa. Hakuna aliyeipenda tamthilia ile kama yeye. Alifagia uwanja kwa mapigo ya Binti Mwanzi, shujaa wa tamthilia hiyo, ufagio ukiwa upanga. Alikijua kiapo cha wanafunzi wa bondeni, "Pumzi yangu ni yako, mwalimu," na alikisema akiteka maji, akipanga viti, akimfungulia mteja mlango. Zaidi ya wote alimpenda Mwalimu Kipofu, aliyemwokota Binti Mwanzi akiwa yatima akamfundisha kusoma kwa kumwandikia herufi kiganjani.

Ndipo ikaja sehemu ya thelathini na moja. Mwalimu Kipofu ndiye aliyemuua baba yake Binti Mwanzi. Na macho yake yalikuwa mazima.

Karani alirusha daftari likagonga skrini. Alitoka nje kwa hasira, akamkuta fundi wa kuchomelea akinawa mikono.

"Vipi, umefiwa?"

"Kipofu anaona."

Fundi alikaa juu ya ndoo yake taratibu. "Usinitanie, dada."

"Anaona! Alikuwa anaona tangu sehemu ya kwanza!"

"Yaani miaka yote ile anashikwa mkono kuvuka mto…"

"Anaona."

"Na ule uji? Yule mtoto anampulizia uji, anamlisha kijiko kwa kijiko?"

"Alikuwa anamtazama tu."

Fundi alitikisa kichwa. "Mimi leo sichomi geti la mtu," alisema. Na kweli, mchana ule hakuchoma.

Baada ya hapo ndipo pumzi ilipokuja. Katika sehemu ya thelathini na tatu ilikuwa ndefu zaidi. Katika ya thelathini na nne kulikuwa na mtu anayejilamba midomo. Chumba nacho kilianza kunuka kama kucha iliyoshikwa na moto, harufu nyembamba iliyokaa kwenye magodoro, na Karani alipogusa godoro moja alikuta lina joto na unyevu, kama mgongo wa mtu aliyetoka kukimbia. Alimwambia Mjomba. Mjomba alisema ni mvua, na mvua haikuwa imenyesha.

Sehemu ya thelathini na sita aliisikiliza peke yake. Ilikuwa mchana kweupe, wateja wanabishana dukani, fundi anagonga chuma, na Mjomba ameenda kuoga. Kwenye skrini Binti Mwanzi alikuwa akinoa upanga kimya.

"Karani," ilisema hedifoni.

Ilikuwa sauti ya Mwalimu Kipofu, ile ambayo Mjomba aliitoa chini kabisa ya kifua, lakini sasa haikuwa na Mjomba ndani yake.

"Usiogope, mwanafunzi wangu. Umewahi kumuuliza mjomba wako koo lake lilipona vipi?"

Alitaka kuvua hedifoni na mikono ikakataa, na alipoweza kuivua akaiweka mezani, sauti haikubaki mezani, ilikuja naye, ikawa nyuma ya sikio lake la kushoto, vuguvugu, ikinuka ile kucha, ikimweleza kwa upole kama mtu anayemsomea mtoto kwamba Koo aliomba, akiwa hana kitu, akiandika kwa kidole ukutani, na akaazimwa sauti, si yake, ni ya mwenyewe anayezungumza sasa, aitumie hadi tamthilia iishe, na siku ya sehemu ya mwisho arudishe au alipe nyingine mahali pake, changa, isiyo na doa, iliyokwisha kujizoeza kusema pumzi yangu ni yako huku ikiteka maji.

"Uongo," Karani alinong'ona.

"Nipe kwa hiari, chini ya taa," sauti ilisema. "Mimi siibi."

Mjomba alimkuta barazani, magoti yamekutana na kidevu. Alimweleza yote. Mjomba hakukasirika. Alichuchumaa mbele yake akamshika mikono yote miwili.

"Mpwa wangu. Mama. Unatazama hizi tamthilia sana, zimekuingia kichwani. Mimi nikuuze wewe? Ulipougua, nani alikubeba mgongoni hadi zahanati?"

"Wewe."

"Nani alikununulia viatu vya shule?"

"Wewe, Mjomba."

"Basi sikiliza. Nilitaka iwe siri hadi siku yenyewe." Macho yake yalilengwa na machozi. "Sehemu ya mwisho, Binti Mwanzi atasema kwa sauti yako. Neno moja tu. Nimechoka kujifanya msichana."

Karani alimwamini. Alimwamini kwa sababu alitaka, na kwa sababu tangu siku ya kwanza alikuwa ameota kusimama mbele ya maiki ile.

Asubuhi ya sehemu ya arobaini mama yake aliamka mapema akamchana nywele, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa mdogo.

"Zungumza," Mama alisema.

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Hata upuuzi. Nataka kukusikia tu."

Karani alimsimulia habari za fundi na ndoo yake. Mama alisikiliza amefumba macho, kitana kimesimama katikati ya nywele. Karani alipomaliza, Mama alisema, "Tena."

Saa saba fundi alizima mashine yake akaenda kula. Karani aliacha kandambili mlangoni. Chumbani kulinuka kucha iliyoungua kiasi cha kumtoa machozi, na Mjomba akakaa mbele ya maiki. Alizungumza Kiswahili cha vita vya mwisho kwa nusu saa, jasho likimtiririka, na kila alipofunga mdomo Karani alisikia mwingine akiufunga nyuma yake, kwa kuchelewa kidogo. Magodoro yalipanda na kushuka. Kisha Mjomba akazima taa, akampisha mbele ya maiki, akamwekea karatasi.

"Soma hivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze."

Taa nyekundu ikawaka.

Karani alitazama karatasi. *Nimekusamehe. Pumzi yangu ni yako, mwalimu.* Mwandiko ulikuwa wa Mjomba, na wino ulikuwa umefifia. Juu pembeni, kama alivyozoea, alikuwa ameandika tarehe. Ilikuwa tarehe ya mwaka uliopita, mwezi ule koo lilipopona, Karani akiwa bado darasani, safu ya pili dirishani, hata hajasikia kwamba kuna bonde lenye panga tisa. Na mbele ya jina *Binti Mwanzi*, kwenye mabano, Mjomba alikuwa ameandika: *mtoto wa dada*.

Alisoma maneno hayo matatu mara mbili. Viatu vya shule. Mgongo uliombeba hadi zahanati. Alikuwa anamtazama tu.

Kwenye skrini Binti Mwanzi alipiga magoti kaburini kwa Mwalimu Kipofu, na Karani, aliyekuwa ameitazama sehemu hiyo mara nne na kuandika kila mdomo unaofunguka, alijua kitu ambacho Mjomba hakuwahi kukiangalia, kwa sababu Mjomba hakuangalia midomo, alimwachia karani wake: pale kaburini Binti Mwanzi hasemi. Anaukaza mdomo wake, anaitazama ile ardhi, anavunja upanga gotini na kwenda zake. Hakuna msamaha. Mjomba alikuwa ameuandika mwenyewe, autie ndani ya mdomo uliofungwa.

Karani akafunga mdomo.

Pumzi ile ikaja karibu, upande wa kushoto, ikisubiri, na magodoro yote yakavimba kuelekea ndani hadi chumba kikawa chembamba kama koo la mtu, na taa ikazidi kuwa nyekundu, na kwenye kioo cha skrini Karani aliona sura yake na ya Mjomba na katikati yao ya tatu, mzee, macho mazima yamekodolewa, mdomo umeachama kama wa mtoto anayengoja kijiko, na kiapo kikampanda mwenyewe kooni kwa mazoea, kikafika kwenye ulimi, kikagonga meno, na yeye akayauma meno hadi akasikia damu, na sekunde zikaenda, na upanga kwenye skrini ukaanza kupinda gotini.

"Sema!" Mjomba alipayuka. "Sema, nakuomba, sema!"

Kisha akaiona taa. Akaziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.

Upanga ukavunjika. Taa ikazimika yenyewe. Magodoro yakarudi ukutani, na ile harufu ikatoka kama imefunguliwa mlango. Mjomba alikuwa amekaa sakafuni. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Hapakutoka hata mlio. Alimtazama Karani, akamnyooshea mikono, midomo ikifanya umbo la neno moja. Karani, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma midomo, aliona ni neno gani. *Mpwa.*

Aliokota kandambili zake mlangoni akaondoka.

Fundi alikuwa amerudi kutoka kula. "Enhe? Amemsamehe?"

Karani alitikisa kichwa.

"Safi sana!" fundi alisema, akawasha mashine yake.

Njia nzima hakujaribu kusema. Aliogopa kukuta kooni patupu. Alifika nyumbani jua bado kali. Mlango ulikuwa wazi, na mama yake alikuwa ameketi jikoni ameupa mlango mgongo, mbele yake daftari jipya na kalamu mbili mpya zilizochongwa, zimepangwa mezani kama vitu vya mtu anayeanza shule, au vya mtu ambaye kuanzia leo atakuwa anaandika kila anachotaka.

"Mama," Karani alisema. "Nimerudi."

Sauti ilitoka yote, nzima.

Mabega ya Mama yalishtuka. Aligeuka polepole, akautazama mdomo wa mwanawe kabla ya kumtazama usoni, na rangi ikamtoka.

"Bado unayo?" Mama aliuliza.