Finjani Iliyomsubiri Hiyam

Nyumba ya Mama Ghaith, juu ya kilima huko As-Salt, ilikuwa nyumba ya utulivu. Alasiri moja ya baridi ukungu ulishuka mpaka madirishani, naye akaketi karibu na jiko la mafuta akitwanga iliki. Mwanawe Ghaith alikuwa ametoka kufuata mikate. Chumbani kwake kompyuta iliachwa inawaka.

Ghaith alikuwa ametengeneza kijiprogramu. Mwenye duka la mtandaoni hukichomeka kwenye tovuti yake, nacho humpokelea maagizo, pamoja na majina na namba za simu za wateja. Kazi yote aliifanya peke yake, na aliifanya vizuri. Lakini aliona haya kuwa peke yake. Akaandika kwenye tovuti yake, "Sisi ni watu tisa." Akabuni na mhudumu wa wateja, akampa jina Hiyam, akambandikia na picha.

Hiyam alikuwa dada yake. Alikuwa amefariki miaka saba nyuma. Picha aliichomoa kwenye albamu ya mama yake bila kuomba, na mama alipoliona pengo, alidhani ni uzee unamchezea. Kisha Ghaith akaitegesha kompyuta iwe inajibu barua za wateja kwa jina la marehemu. Jamani, uongo ukishaupa jina na uso, hujifunza kutembea wenyewe.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimelowa.

"Naitwa Nuzha, natoka Madaba. Hapa ndipo kwa Ghaith wa programu?"

"Ndipo. Karibu ndani, mwanangu, utaganda."

Mama Ghaith akammiminia kahawa chungu. Nuzha akaipokea finjani, akaiweka chini mbele yake, akakunja mikono.

Mama Ghaith akaitambua ishara. Kwao, mgeni akiiweka finjani chini ana haja, na nyumba inayoiacha kahawa ipoe bila kumtimizia imejivunjia heshima. Akasema kama walivyosema wazee wake, kabla hata ya kusikia: "Kunywa kahawa yako. Haja yako umepewa."

"Namtaka Hiyam," akasema Nuzha.

Jiko likalia taratibu. "Hiyam gani?"

"Hiyam wenu, anayefanya kazi na mwanao. Nimemwandikia mara kumi na moja. Mimi nauza dawa za mitishamba kwa wanawake, na namba za wateja wangu zinaonekana na kila mpita njia. Kuna binti, mchumba wa watu, alinunua dawa kwangu kwa siri yake. Mwanamume asiyemjua akampigia, akamsomea alichonunua. Binti hatoki nje tena. Na Hiyam wenu kila siku ananijibu, 'Tumekagua, hakuna kasoro.'"

Akaigeuza simu. Mama Ghaith akamwona bintiye pichani akitabasamu, na mtandio wa samawati aliomshonea kwa mkono wake.

"Huyu amekufa, mwanangu."

"Mama, usinifanye mtoto. Maiti hajibu barua. Tazama." Nuzha akaandika: Hiyam, uko wapi?

Hata simu hajaiweka, ikalia.

*Niko hapa. Nipo nawe daima. Hiyam.*

Wote wawili wakageukia chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu, ila ule mwanga kwenye kiti kitupu. Nuzha akajisogeza karibu na yule mzee, bila kujua kwamba amesogea.

Ndipo Ghaith akaingia na mikate yake. Akaiona finjani sakafuni, imejaa.

"Mgeni kaomba Hiyam," mama yake akamwambia kwa sauti ya chini. "Nami nimeshakubali. Haya, mlete."

"Mama, ni kompyuta tu ile."

"Nimemwosha kwa mikono yangu, Ghaith. Wewe umemtoa kaburini ukamtuma kusema uongo. Mlete, au mwache alale."

Ghaith akakaa kitako palepale mlangoni. Nuzha akamuuliza, "Kasoro uliijua?"

"Tangu Ramadhani. Nilisema nitaitengeneza kimyakimya. Nikitangaza, watajua niko peke yangu, watahama."

"Kwani mimi dukani niko na nani? Na paka. Ungeniambia Ramadhani, yule binti ningemwambia abadilishe namba. Basi."

Ghaith akainuka. Akaenda kwenye kompyuta, wanawake wawili wakasimama nyuma yake. Akaliziba tundu lililokuwa likivujisha namba. Akamwondoa Hiyam. Kisha akawaandikia wateja wote: Niko peke yangu. Hiyam hayupo. Kasoro hii niliijua nikanyamaza. Huenda namba za wateja wenu zimeonekana.

"Futa 'huenda'," akasema Nuzha.

Akaifuta.

Nuzha akarudi kwenye mkeka, akainua finjani, akanywa kahawa iliyopoa hadi mashapo.

Wateja wengi walihama. Uchumba wa yule binti ulivunjika, na msamaha alioomba Ghaith haukuurudisha. Waliobaki ni wachache, na sasa kila kinapoharibika kitu Ghaith huwaandikia siku hiyohiyo, kwa jina lake. Mmoja wao, mzee muuza zeituni, alijibu mstari mmoja: "Mwambieni Hiyam apumzike."

Mama Ghaith aliirudisha picha kwenye pengo lake. Lakini mpaka leo kompyuta ikilia alasiri, huinua kichwa kama mtu aliyeitwa.

Funzo

Ewe mwenye biashara ndogo, udogo si aibu. Aibu ni kujivika watu usio nao. Uko peke yako, sema. Kimeharibika, sema, na useme mapema, wakati mwenzio bado anaweza kujikinga. Na waliolala, tusiwatume kazi ambazo sisi wenyewe tunaona haya kuzifanya.