Kuni za Korbinian Kando ya Kijito

Ndugu zangu, huku kwetu chini ya Milima ya Alpi, mwanamume husifiwa kwa kuni zake. Karibu kila nyumba ilizipanga ukingoni mwa kijito, penye jua, na za Korbinian ndizo zilizopendeza kuliko zote. Jioni yeye na mkewe Afra walikaa kwenye benchi wakinywa bia, wapita njia wakizisifu. Walikuwa na raha zao.

Kiangazi kimoja akaja binti yao Gundula, mhandisi wa mito na madaraja.

"Baba, sogeza hizi kuni. Mvua za siku hizi si zile za utoto wako. Kijito kikifurika kitazibeba, zitaziba daraja, na maji yatageukia nyumbani kwako."

"Kijito hiki? Nilikuwa nakiruka nikiwa na kaptula."

"Daraja tutalipanua mwakani. Kuni sogeza leo."

"Nizipeleke wapi?"

"Nyuma ya zizi," Afra akadakia. "Msikilize mtoto, mume wangu."

"Nyuma ya zizi nani ataziona?"

Majirani wakacheka, na hakuna aliyesogeza hata gogo. Jamani, kiburi kingine hakina hata kelele.

Mwezi haukuisha, mvua ikanyesha mchana kutwa. Kijito kikazoa kuni zote, zikajazana chini ya daraja, maji yakakosa njia. Afra alikuwa ameshuka stoo iliyo chini ya ardhi, ndani ya nyumba, kuokoa chupa zake za jemu. Maji yalivunja dirisha yakaijaza stoo, na Korbinian akabaki kwenye ngazi akimwita. Mama yule mpole hakupanda tena.

Siku ya pili Gundula alisimama darajani na watu wake wakiopoa magogo. Baba yake akamjia, kofia mkononi.

"Niambie ukweli, mwanangu. Zilikuwa kuni zangu?"

"Zilikuwa za wengi, baba."

"Na zangu?"

Gundula alilia kabla ya kujibu. "Na zako."

Leo daraja ni pana. Kuni za Korbinian ziko nyuma ya zizi, zimepangwa vizuri mno, na benchi analikalia peke yake.

FUNZO

Hali ya hewa imebadilika, nasi tubadilike. Mhandisi akituonya, tumsikilize mapema, kwa maana daraja atatujengea yeye, lakini kuni zetu ni lazima tuzisogeze wenyewe.