Ukurasa wa Kwanza wa Daftari

— Esm-e shoma chist?

Mama mkwe mtarajiwa aliniuliza hivyo siku ya kwanza alipofika chumbani kwangu cha ushonaji, mkono wangu ukiwa bado mkononi mwake. "Jina lako nani?" Swali la ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari alilonipa mchumba wangu, fundi saa, nijifunze Kiajemi cha mama yake.

Miezi saba nimemwandikia huyu mama meseji kila Ijumaa. Mchumba wangu akiwatambia wateja, "Mshonaji wangu anakimwaga Kiajemi kama maji." Kumbe naandika Kiswahili, simu inatafsiri, mimi natuma. Daftari liko chini ya cherehani, limefukiwa na vipande vya vitambaa.

— Mbona kimya? mchumba akaniuliza. Anataka jina lako.

— Sijui Kiajemi. Zile meseji ziliandikwa na simu. Nimekudanganya.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikavua pete, nikaiweka mezani.

— Vaa pete yako, akasema taratibu. Nilijua tangu mwezi wa kwanza. Ulimwita mama "mheshimiwa mteja".

— Ukanyamaza?

Uso ukamshuka.

— Mama hajui kusoma, na mimi niliona haya kukwambia. Ile namba niliyokupa kuwa ya mama ni laini yangu ya pili. Nilikuwa nampigia namsomea, yeye anasema, mimi nakujibu.

— Yaani nilikuwa nachati na wewe? Hata siku ile nilipokushtaki kwa mama kwamba unakoroma?

— Nilimsomea yote. Alicheka mpaka akakohoa.

Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Ningemkasirikia kwa lipi, na mimi ndiye niliyeanza? Akamgeukia mama yake akamweleza kila kitu. Mama alijibu kwa sauti ndogo, macho yake kwenye sakafu.

— Anasema yeye ndiye aliyekuwa na hofu. Alidhani msomi kama wewe hatamtaka mama mkwe asiyejua hata herufi moja.

Nikaenda kwenye cherehani, nikalitoa daftari, nikapangusa nyuzi. Nikasoma kwa kukwamakwama matamshi aliyoniandikia kwa herufi zetu chini ya zile za Kiajemi:

— Esm-e man...

Nikamtajia jina langu. Mama akaokota pete, akanivisha mwenyewe.

— Dokhtar-e man, akasema. Binti yangu. Kwa hilo sikuhitaji mkalimani.

Kisha akalivuta daftari, akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza ya Kiajemi, akaniuliza kwa aibu:

— In chist?

Hii ni nini. Kwa bahati, hiyo moja nilikuwa naijua.

— Alef, mama, nikamjibu.