Nyayo Kwenye Korido ya Olasiti

Rafiki yangu Anneth huchora nyumba kwenye kompyuta, katika ofisi ndogo pale Levolosi. Si mtu wa kutunga mambo, ndiyo maana haya yananisumbua.

Mchana mmoja wa mvua alikuwa anamalizia korido ya nyumba ya mteja wa Olasiti. Sakafu yote ilikuwa picha ya kigae kimoja, inayojirudia. Vigae vya mbali vilikuwa na ukungu, akapandisha filta, ile inayosafisha picha za mbali. Ukungu ulipotoka, mwisho wa korido palikuwa na unyayo wa mtu, umelowa.

Kama doa lingekuwa kwenye picha ya kigae, vigae vyote vingekuwa nalo. Akafungua picha yenyewe ya kigae. Ilikuwa safi.

Akamgeukia Muzammil, anayefanya naye kazi. "Wewe, umechezea kazi yangu?"

"Wallahi sijaigusa, dada."

Hakumwamini. Akamwita aone. Muzammil akatazama, sauti ikashuka. "Mbona nyayo ziko mbili?"

Hapo umeme ukakatika. Wingu lilikuwa zito, chumba kikawa giza. Chini ya kelele za mvua kwenye bati wakasikia miguu mitupu ikikanyaga vigae, taratibu, kisha ikasimama. Ofisi yao ina zulia.

Umeme uliporudi, Anneth akaifungua tena kazi yake. Mwisho wa korido palikuwa safi. Nyayo zilikuwa kwenye kigae cha mbele kabisa, pamoja, vidole vikiwaelekea wao, na maji yalikuwa bado yanatambaa kwenye picha.