Komeo la Upande wa Nje

Jumamosi saa nne asubuhi, ndani ya duka la vifaa vya ujenzi hata nzi alikuwa anapanga foleni. Mwanamke mwenye gauni la manjano na raba za kazi, funguo za gari zikining'inia kidoleni, alijipenyeza mpaka kaunta akaagiza makomeo sita.

"Ya kufungwa chini," alisema. "Usawa wa kiuno."

"Kiuno cha nani, dada?" Sauti ilitoka mlangoni, kwenye meza ndogo ya kuchonga funguo. "Maana viuno vinatofautiana."

Foleni nzima ikacheka. Mwanamke akageuka. Kijana wa shati la drafti, mikono imekunjwa hadi viwikoni, penseli sikioni.

"Wewe chonga funguo. Umbea una duka lake."

"Nililifunga, halikuwa na wateja. Lakini hayo makomeo hayatakufaa. Ukisema usawa wa kiuno, kuna mtu atafungua akiwa amekaa. Na huenda vidole vyake havimtii. Mpe lenye mkono mrefu, alisukume hata kwa kiwiko."

Mwanamke akaiacha kaunta, akaisogelea meza yake. Mwaka mzima kazini kwake, hakuna fundi aliyewahi kuwaza hayo bila kuambiwa.

"Unaweza kuyatengeneza?"

"Naweza. Niachie namba nikupigie."

"Nitakuja mwenyewe."

"Basi nitachelewesha, uje mara mbili."

Akachelewesha kweli, na mwanamke akaja mara tatu. Kila komeo lilikuwa limegongwa vitone vitatu vilivyokaa kama mafiga. "Saini yangu," kijana alijigamba. "Likiharibika, ujue wa kumtukana."

Mwanamke akamwita Fundi, naye akamwita mwanamke Dereva, kwa kuwa ndizo kazi zao, na mapenzi yakashika kasi. Jambo moja tu Dereva hakulisema: anaendesha gari la nani. Lilikuwa gari la nyumba ya hifadhi. Wazee na watu wenye ulemavu, waliopigwa au kufungiwa na watu wa nyumbani mwao, walipokelewa pale kwa siku saba huku afisa wa ustawi wa jamii akichunguza. Anwani ilikuwa siri. Aliyefanya kazi pale hakumwambia hata mama yake mzazi.

"Uko wapi, laazizi?" Fundi angepiga.

"Kazini."

"Kazini wapi, mwezini?"

"Jirani na hapo."

"Una mume huko!"

"Ninao kumi na mmoja. Wote vibogoyo."

Fundi angecheka, lakini kicheko chake kilizidi kuwa kifupi kila wiki.

Kisha ikaja Jumatano moja. Jirani wa nyumba fulani alikuwa amesikia kilio, akapiga simu ustawi. Dereva na afisa wakafika mchana, wakazunguka nyuma ya jiko, wakakuta mlango mwembamba umefungwa kwa nje. Dereva akashika komeo alivute, vidole vikagusa vitone vitatu.

Mafiga.

Akalivuta hata hivyo. Ndani, juu ya godoro, bibi kizee mwenye mguu mmoja uliopooza aliwatazama. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vyeusi kwa kubanwa. Jagi lilikuwa kavu.

"Mmekuja kunifungia tena?"

"Tumekuja kukufungulia, bibi." Akambeba mgongoni hadi garini. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Jioni, simu ikaita.

"Laazizi wa mwezini..."

"Fundi, umewahi kufunga komeo nje ya chumba cha mtu?"

"Cha bibi yangu. Kaka alisema anatoka alfajiri, nusura agongwe na gari. Kwani vipi?"

"Usinipigie tena."

Siku ya tano, kaka mtu aliingia ofisi ya ustawi na suti ya kijivu na maneno yaliyopigwa pasi. Kile chumba ni stoo, alisema. Bibi hulala chumba cha mbele, siku ile aliingia mwenyewe, mtu akafunga bila kujua. Alama za mikononi? Huanguka. Na ana usahaulifu, maskini, hata siku hazijui. Jirani alisikia sauti tu, hakuona kitu. Afisa akashusha pumzi: pasipo shahidi, siku ya saba bibi angerudi nyumbani.

Dereva alikaa garini akiitazama simu kama inayomdai. Akapiga.

"Sikupigii kwa mapenzi."

"Najua. Yuko salama?"

"Yuko salama. Keshokutwa anarudishwa kwa kaka yako, labda aje ofisi ya ustawi mtu anayekijua kile chumba."

"Kaka ndiye aliyenisomesha, Dereva."

"Akakufundisha nini?"

Dereva alitambua kitu: kwa mara ya kwanza, Fundi hakumwuliza yuko wapi.

Siku ya saba Fundi alikuja ofisini, shati lilelile la drafti, vifungo vimefungwa hadi kooni.

"Si stoo," alisema amesimama. "Kitanda cha bibi kilikuwa humo nilipofunga komeo, naye amekikalia ananitazama. Akaniuliza, mjukuu wangu, mbona unaliweka upande huo? Nikamtania: ili wezi wasikuibe, wewe ndiye dhahabu ya nyumba hii." Akamgeukia afisa. "Kila nilipokwenda tena, kaka aliniambia amelala. Nikaamini. Nilimwuliza kaka, sikumwuliza bibi."

"Mdogo wangu," kaka alinong'ona, "damu nzito kuliko maji."

"Ndiyo, kaka. Na bibi naye ana damu."

Bibi, aliyekuwa ameletwa na Dereva, alisogeza kiti cha magurudumu alichopewa hifadhini hadi magotini pa Fundi. "Siku ile sikucheka."

"Najua, bibi. Nisamehe."

"Nitafikiria. Kwanza futa makamasi."

Afisa aliandika: bibi harudi, na jalada la kaka linakwenda polisi.

Nje, bibi akiwa ameshapakiwa garini, Fundi alimpa Dereva kitu kilichofungwa kwa gazeti. Komeo la mkono mrefu.

"La bibi. Lifungwe ndani. Mlango sijui uko wapi na sitauliza, utalifunga wewe."

"Mimi nilikukatia simu bila kukusikiliza."

"Ulimsikiliza aliyekuwa na haki ya kusikilizwa kwanza." Akakuna kichwa, penseli ikaanguka. "Sasa nauliza kitaalamu. Mimi na wewe tukipata mlango wetu, komeo nilifunge upande gani?"

"Mjibu!" bibi alifoka dirishani. "Jua linanichoma!"

Dereva akapanda, akawasha gari, akajifanya kurekebisha kioo.

"Ndani," alisema. "Na chini, usawa wa kiuno, nikizeeka nilifikie."

"Kiuno cha nani, dada?"

Dereva alichana kipande cha lile gazeti, akapokea penseli ambayo Fundi alikuwa ameiokota, akaandika anwani ya nyumbani kwa mama yake.

"Changu. Jumapili njoo na futi."